Kula Singapore: Mji Ambao Chakula cha Kigeni Ndicho cha Kwao

Msafiri anayefika Singapore akiuliza ni mgahawa gani wa vyakula vya kigeni ulio bora atawapa wenyeji taabu ya kumjibu, kwa kuwa katika mji huo ni vigumu kuonyesha chakula kisicho na asili ya ng'ambo. Wali wa kuku, ambao wengi wanauhesabu kuwa chakula cha taifa, uliletwa na wahamiaji wa kisiwa cha Hainan kilicho kusini mwa China. Prata, ile chapati ya matabaka, ilitoka India ya kusini. Na satay, mishikaki yenye mchuzi wa karanga, ni ya Wajava na Wamalay. Nilikaa huko siku tisa, nikala mara tatu kwa siku na siku nyingine mara nne, na tathmini hii inauhusu mji mzima kama mahali pa kula. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asisumbuke: chakula bora cha Singapore kinauzwa na wachuuzi, katika vituo vilivyojengwa na serikali, kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaimudu, na fedha nilizozijutia zilikwenda kwenye migahawa iliyojinadi kuwa ya kimataifa.

Vituo hivyo vina historia inayosaidia kuelewa kwa nini vyakula vya mataifa mengi vinakutana chini ya paa moja. Hadi miaka ya 1960 wachuuzi walipika kando ya barabara na vichochoroni, bila maji ya bomba wala mahali pa kumwaga maji machafu. Mwishoni mwa muongo huo serikali iliwaandikisha, na kati ya mwaka 1971 na 1986 ikajenga masoko na vituo vyenye maji, umeme na mifereji, ikawahamishia humo pamoja na majiko yao. Aliyekuwa akiuza tambi za Kichina kwenye kona fulani alijikuta amepangwa jirani na Mmalay wa wali wa nazi na Mtamil wa mchuzi wa samaki, na wateja wao wakaanza kukaa meza moja. Leo vituo hivyo vimezidi 110, na mwezi Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wake katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Sifa hiyo haikuvifanya kuwa makumbusho. Saa sita na nusu mchana, kituo cha katikati ya mji kimejaa makarani wenye vitambulisho shingoni, na mgeni anayesimama katikati ya njia akipiga picha ni kero.

Utaratibu wake unajifunzwa kwa mlo mmoja. Kila kibanda kinapika chakula kimoja au viwili vitatu, na mpishi aliyepika tambi zilezile kwa miaka 30 hahitaji orodha ndefu. Mteja hutafuta meza kwanza, huweka pakiti ya tishu juu yake kuonyesha kwamba imeshikwa, kisha hupanga foleni. Ukiikuta pakiti hiyo usiiondoe. Nilishuhudia mtalii akiisogeza pembeni na kuketi, na macho aliyotazamwa nayo yalitosha kuwa adhabu. Watu wanne wanaweza kula vyakula vya mabara mawili mezani pamoja, kila mmoja akiwa amenunua kwake, na hakuna mwenye kibanda anayelalamika kwamba unakula cha jirani kwenye kiti chake. Mwishoni, trei na vyombo hurudishwa na mlaji mwenyewe kwenye rafu maalumu. Tangu Septemba 2021 jambo hilo ni sheria katika vituo vya wachuuzi: anayeacha uchafu mezani huonywa kwanza, na akirudia anaweza kutozwa faini. Rafu za vyombo vya chakula halali zimetengwa na nyingine, na wenyeji hawachanganyi.

Nilianzia Maxwell, kituo kilicho ukingoni mwa mtaa wa Wachina, kwa ajili ya wali wa kuku. Kwa macho, chakula hiki hakina mvuto: vipande vya kuku mweupe, wali usio na rangi, na matango kidogo, kana kwamba kimeandaliwa kwa mgonjwa. Lakini kuku huyo huivishwa taratibu katika maji yasiyoachwa yatokote, kisha hutumbukizwa kwenye maji ya barafu ili ngozi yake ikaze na nyama ibaki na unyevu. Na wali hukaangwa kwanza kwa mafuta ya kuku, vitunguu saumu na tangawizi kabla ya kupikwa kwa supu ileile iliyomwivisha kuku, pamoja na majani ya kunukia ya mrampe. Wali ndio unaofanya mpishi mmoja apangiwe foleni na jirani yake akae akijipepea. Nililipa dola chache za Singapore, nikamaliza, nikarudi kwenye foleni kununua sahani ya pili ya wali mtupu. Muuzaji hakuonekana kushangaa.

Kuhusu nyota za Michelin, mwongozo wa Kifaransa unaoitunuku migahawa bora nyota, ambazo wageni wengi huzifuata kama dira, nitasema kwa kifupi. Mwongozo wa kwanza wa Michelin kwa Singapore ulitoka mwaka 2016 na ukawapa nyota wachuuzi wawili, jambo ambalo halikuwahi kutokea mahali pengine. Mmoja wao, muuza kuku wa sosi ya soya katika jengo la Chinatown Complex, aliikosa nyota hiyo mwaka 2021. Wa pili, wa tambi za nyama ya nguruwe, ameendelea kuhesabiwa. Foleni za namna hiyo huweza kuchukua saa nzima au zaidi, na kwa maoni yangu hakuna sahani ya tambi inayostahili saa nzima ya kusimama katika joto la nyuzi 32, hasa pale ambapo kibanda cha jirani kina foleni ya wazee kumi wa mtaani. Foleni ya wazee ndiyo niliyoifuata siku zote tisa, na haikunidanganya hata mara moja.

Mtaa unaoitwa Little India unamkaribisha mgeni kwa harufu ya maua ya asumini na binzari. Katika Tekka Centre, soko la samaki, nyama na mboga liko jirani kabisa na meza za kulia, na anayekula biriani ya mbuzi anasikia mapanga ya wauza nyama. Biriani hiyo ni kavu kuliko ile ya pwani ya Afrika Mashariki: mchuzi huletwa kando, viazi si lazima, na mchele huwa mrefu na mwepesi. Niliipenda, ingawa yangu ya nyumbani sitaibadilisha nayo. Prata nayo hurushwa hewani hadi unga unakuwa mwembamba kama shashi, ikakunjwa, ikakaangwa, ikapondwapondwa kwa viganja ili matabaka yaachane. Huliwa kwa mchuzi wa dengu au wa samaki, na chai ya maziwa inayomiminwa kutoka kikombe kilichoinuliwa juu hadi kilicho chini ili ipate povu. Katika mtaa huohuo nilikula mchuzi wa kichwa cha samaki, chakula ambacho huwezi kukipata India kwa sura hiyo. Husimuliwa kwamba kilianzishwa mwaka 1949 na mpishi mwenye asili ya Kerala, M. J. Gomez, alipoona wateja wa Kichina wanavyokithamini kichwa cha samaki, akakitia katika mchuzi wake wa ukwaju na bizari. Shavu la samaki yule, lililonyonya ukali na uchachu, ndilo tonge bora nililolitia mdomoni katika safari nzima.

Sehemu ambayo msomaji wa Kiswahili atajihisi yuko kwa jamaa ni Kampong Glam, mtaa unaouzunguka Msikiti wa Sultani. Majina ya njia zake ni Arab Street, Baghdad Street, Bussorah Street na Muscat Street, na malango ya njia hiyo ya mwisho yalijengwa kwa ushirikiano na Oman. Wafanyabiashara wa Hadhramaut, huko Yemen, waliofika Singapore, zikiwamo koo za Alsagoff, Aljunied na Alkaff, walitoka katika bonde lilelile lililotupatia Washihiri wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja. Upepo wa kusi ukiwapeleka mashariki, wa kaskazi ukiwaleta kwetu. Kwa hiyo sikushangaa sana nilipouona mkahawa wa Zam Zam, uliopo tangu mwaka 1908, ukiuza murtabak: unga uliotandazwa, ukajazwa nyama ya kusaga, mayai na vitunguu, ukakunjwa kama bahasha na kukaangwa kwenye chuma kipana. Mzanzibari yeyote ataitambua mantabali hata akiwa amefumba macho. Tofauti ni kwamba ile ya Singapore huletwa na bakuli la mchuzi mwembamba wenye pilipili, na ukubwa wake unatosha watu wawili. Kuiagiza peke yako ni kujitafutia usingizi.

Kwa Wamalay wenyewe nilikwenda Geylang Serai, ambako orofa ya juu ya soko ina vibanda vingi vya Waislamu. Nasi lemak, wali uliopikwa kwa tui na mrampe, huandamana na dagaa wakavu waliokaangwa, karanga, yai, tango na sambal, yaani pilipili iliyopondwa na kukaangwa hadi mafuta yake yajitenge. Tui lao huwa jepesi kuliko letu, lakini dagaa na sambal hufidia, na tangu hapo wali wa nazi usio na kitu cha kutafuna pembeni umeanza kunionekea mpweke. Pia kuna rendang, nyama iliyopikwa kwa saa nyingi katika tui, mchaichai na nazi iliyokaangwa, hadi mchuzi wote ukauke na kuganda juu yake. Walaji hapa wanatumia mkono wa kulia bila kuombana radhi, na sinki za kunawia ziko karibu. Niliirudia orofa hiyo mara tatu.

Mchanganyiko wenyewe una jina lake. Wachina waliohamia zamani katika nchi za Kimalay na kuoa huko walizaa jamii ya Waperanakan, na jikoni mwao mbinu za Kichina zilikutana na tui, ukwaju na pilipili. Makazi yao yaliyojulikana sana ni Katong na Joo Chiat, upande wa mashariki, na huko ndiko kuna laksa, supu ya tui na viungo, yenye tambi zilizokatwa fupi ili zichotwe kwa kijiko tu. Chakula chao kilichonivutia zaidi ni kuku wa buah keluak, kokwa nyeusi yenye sumu ya sianidi inapokuwa mbichi, ambayo hulazimika kuchemshwa na kufukiwa au kulowekwa kwa siku nyingi kabla haijafaa kuliwa. Anayejua jinsi muhogo mchungu unavyovundikwa na kuanikwa ataielewa akili ya wapishi hao. Ute wa ndani ya kokwa una ladha isiyofanana na kitu kingine ninachokijua, ikikaribia chokoleti isiyo na sukari iliyochanganywa na uyoga. Watu wawili niliokuwa nao hawakumaliza. Mimi nilikomba sahani zao.

Sasa nije kwenye migahawa ya bei kubwa, ambayo ndiyo hasa matangazo huiita ya kimataifa: ya Kiitalia, ya Kifaransa, ya Kijapani, ya Kiperu na mingineyo, iliyotanda kando ya mto na kuzunguka ghuba. Yapo majiko mazuri miongoni mwake, na sushi niliyokula mchana mmoja ilikuwa safi kabisa. Shida ni kwamba chakula hicho kingeweza kupikwa katika mji wowote wenye matajiri, ilhali sehemu kubwa ya viungo imesafiri kwa ndege. Singapore huagiza zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake, na gharama hiyo inamfika mlaji. Bei iliyoandikwa pia si bei utakayolipa. Alama mbili za kujumlisha zinazoifuata tarakimu maana yake ni kwamba utaongezwa asilimia 10 ya huduma na asilimia 9 ya kodi. Katika mgahawa mmoja wa kando ya mto, ambao sitautaja, tuliletewa karanga na vitambaa vyenye maji ambavyo hatukuviagiza, tukavikuta kwenye ankara. Tulipouliza, mhudumu alieleza kwa adabu kwamba tungeweza kuvikataa mwanzoni. Ndivyo desturi ilivyo katika migahawa mingi ya Kichina, na anayejua huvirudisha mara tu vinapotua mezani. Kaa wa pilipili, chakula mashuhuri kilichotokana na kigari cha mchuuzi Cher Yam Tian katika miaka ya 1950, hutozwa kwa uzito na kwa bei ya siku. Uliza kilo ni kiasi gani na kaa wako ana kilo ngapi kabla hajatoka kwenye tangi. Nilimla mara moja, nikichovya maandazi yao madogo katika mchuzi wa nyanya, pilipili na yai, na nilifurahi. Ankara ilipokuja nilihesabu kwamba ingetosha wali wa kuku kwa zaidi ya wiki.

Mlaji wa Kiislamu anahitaji uangalifu kidogo, si wasiwasi. Cheti cha halali hutolewa na Baraza la Dini ya Kiislamu la Singapore, linalofahamika kwa kifupi cha Muis, na nembo yake hubandikwa mahali panapoonekana. Tangazo linalosema kwamba kibandani hamna nyama ya nguruwe wala mafuta yake si cheti. Linaeleza ambacho hakimo, bila kueleza kuku alichinjwaje. Wali wa kuku wa vibanda vya Wachina kwa kawaida hauna cheti hicho, lakini katika maeneo ya Wamalay utapikwa na Waislamu, na tofauti ya ladha ni ndogo. Asiyekula nyama kabisa ataneemeka zaidi Little India, ambako dosa, chapati nyembamba za India ya kusini, na wali wa jani la mgomba hupatikana tangu asubuhi.

Kahawa inastahili aya yake. Buni hukaangwa pamoja na sukari na majarini hadi iwe nyeusi ti, ikachujwa kwa mfuko wa kitambaa, ikachanganywa na maziwa matamu ya kopo. Ukisema kopi utapata hiyo. Ukisema kopi o utapata ya sukari bila maziwa. Kopi c ni ya maziwa ya kopo yasiyotiwa sukari, ambayo sukari huongezwa kando. Neno kosong, la Kimalay, huondoa sukari yote, na peng, la Kichina, huleta barafu. Sentensi ya maneno matatu yenye lugha mbili au zaidi hutamkwa na kila mtu, kuanzia dereva hadi mwanasheria, na mgeni anayeitamka vyema hupewa tabasamu ambalo halipatikani kwa njia nyingine. Iagize pamoja na slesi mbili zilizochomwa na kupakwa kaya, jemu ya tui, mayai na mrampe, na mayai mawili yaliyochemshwa nusu, yakatiwa sosi ya soya na pilipili manga. Wenye kinyaa cha yai bichi wapite mbali.

Kasoro zipo. Vituo vingi viko wazi pande zote na hutegemea mapangaboi. Mwenye kutoka nje ya ukanda wa joto atalowa jasho kabla chakula hakijafika, na hata sisi tuliozoea pwani tulichagua kula usiku. Vibanda vilivyo bora hufunga mapema, mara nyingi mara tu sufuria inapokwisha, na siku ya mapumziko ya kila muuzaji ni uamuzi wake mwenyewe, kwa hiyo safari ya nusu saa kwa treni inaweza kuishia mbele ya wavu ulioteremshwa. Wenyeji hulipa kwa kupiga picha msimbo kwa simu zao, utaratibu ambao mgeni asiye na akaunti ya benki ya huko mara nyingi hawezi kuutumia. Beba noti ndogo. Jambo linalonitia shaka zaidi ni umri wa wapishi. Wengi niliowaona wana mvi, mgongo umeinama, na hakuna kijana anayewasaidia. Kazi inaanza alfajiri, jiko ni dogo na lina moto, na wateja hununa bei ikipanda hata kwa senti 50, wateja walewale wanaolipa dola saba kwa kahawa ya mkahawa wenye kiyoyozi bila kuguna.

Kwa mwenye siku moja tu kati ya ndege mbili, ningempangia hivi: kaya na kopi saa moja asubuhi katika mkahawa wowote wa zamani; prata Tekka kabla ya saa nne, wakati soko lingali na samaki; wali wa kuku saa tano kamili, kabla makarani hawajatoka; murtabak ya kugawana baada ya swala ya alasiri; na usiku, satay Lau Pa Sat, jengo la soko la mwaka 1894 lenye nguzo za chuma kilichosubiwa Glasgow, ambako barabara ya pembeni hufungwa jioni, meza zikapangwa juu ya lami, na moshi wa makaa ukapanda katikati ya majengo ya benki. Agiza mishikaki kumi ya kuku na kumi ya kondoo, omba mchuzi wa karanga uongezwe, na duriani, lile tunda la harufu kali, uliyoinunua njiani uwe umekwisha kuila, kwa sababu haitaruhusiwa kupanda nawe treni ya kurudi.